Mchanga, vizibo, sanduku la sauti au vijitabu vya kambani: kona ipi ianze darasani?

Mwalimu wa maandalizi (darasa la kabla ya la kwanza) au wa darasa la kwanza na la pili anayetaka kona za kusoma na kuandika, yaani sehemu za darasa zenye vifaa ambavyo watoto huvitumia kwa zamu, mara nyingi hana nafasi, fedha wala mikono ya kuanzisha nne kwa mpigo. Lazima moja itangulie. Zinazolinganishwa hapa ni nne ambazo vifaa vyake vinapatikana Unguja na Pemba bila kuagiza kitu nje.

Ya kwanza ni trei ya mchanga: mtoto anaandika herufi kwa kidole, anatikisa, anaandika tena. Ya pili ni vizibo vya chupa za maji vilivyoandikwa herufi, ambavyo watoto huvipanga kuunda maneno. Ya tatu ni sanduku la sauti, lenye vitu halisi vya nyumbani vinavyotengwa kwa silabi ya mwanzo. Ya nne ni vijitabu vya karatasi moja vinavyotundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, mtoto akachagua na kusoma mwenyewe.

Vigezo ni vitano: stadi ambayo kona inajenga, kazi ya kuitengeneza, inavyokaa katika kipindi na chumba, kinachoharibika, na namna ya kujua kama mtoto anajifunza au anacheza tu. Kigezo cha kwanza ndicho kizito kuliko vyote. Kona nzuri iliyowekwa kwa watoto wasio na shida hiyo huwa mchezo wa kupitisha muda.

Stadi: mtoto amekwama wapi?

Kabla ya kukata boksi lolote, chukua watoto kumi, mmoja mmoja, dakika tatu kila mtu. Mwambie "sahani" umuulize neno linaanza vipi. Muoneshe silabi kumi ulizokwisha kufundisha azisome. Mtamkie "kuku" na "sabuni" aandike. Mpe sentensi fupi asome. Pale wengi wao wanaposimama ndipo kona yako inapohitajika.

Akishindwa swali la kwanza, hasikii bado kwamba neno lina vipande. Huyo ni wa sanduku la sauti. Lakini hapa pana mtego ambao lugha yetu inautega wenyewe. Miongozo mingi ya kutenga vitu kwa sauti ya mwanzo imeandikwa kwa lugha nyengine, na ukiifuata kwa Kiswahili utajikuta na mafungu mawili makubwa, la *m* na la *k*, kwa sababu majina yetu yanabeba viambishi: mswaki, mfuko, mwiko, kijiko, kikombe, kibiriti. Mtoto hajifunzi kitu. Tenga kwa silabi nzima: *sa* (sahani, sabuni, saa), *ko* (kofia, kofuli), *pi* (pilipili, pini, picha), *chu* (chupa, chumvi kwenye kichupa), *ta* (taulo, tasbihi, tawi). Vitu vya *m* inayosimama peke yake, kama mchele na mswaki, viweke kando mpaka watoto wazoee, maana *m* ya "mchele" ni silabi kamili na *m* ya "maji" siyo. Pemba mchanganyiko huu ni mkubwa zaidi, kwa kuwa mtoto anayesema "nti" nyumbani anasikia *n* pale kitabu kinapoandika *m*. Hajakosea kusikia. Anahitaji kuelezwa kwamba maandishi yanaiandika *mti*.

Anayesoma silabi moja moja lakini hawezi kuziunganisha ni wa vizibo. *Sa*, *bu*, *ni* anazijua, ila neno "sabuni" halitoki. Vizibo vinamlazimisha avute, aguse, aseme kisha asogeze, na kosa linaonekana mezani kabla halijawa mstari wa penseli uliofutwa hadi karatasi ikatoboka. Vina faida pia kwa mtoto ambaye mkono wake bado mzito: anaweza kuandika neno bila kuandika herufi.

Trei ya mchanga inajenga umbo la herufi na mwelekeo wa mkono, basi. Haifundishi kusoma neno. Kwa watoto wetu, hata hivyo, mwelekeo si jambo dogo. Wengi wanakwenda chuoni, yaani madrasa ya Kurani, kabla ya skuli au wanasoma vyote kwa siku moja, na huko wanaanzia kulia. Mtoto anayegeuza *b* na *d*, au anayeanza mstari upande wa pili, mara nyingi hana tatizo la akili wala la macho. Pengine anachanganya mifumo miwili ya kuandika, na anahitaji alama ya kumkumbusha yupo kwenye upi. Mstari wa kijani ukingo wa kushoto wa trei unatosha: "anzia kwenye kijani".

Vijitabu vya kambani ni vya mtoto anayeweza kusoma maneno lakini anakwenda kwa kugugumia, au anayesoma vizuri na kukaa bure akisubiri wenzake. Mtoto asiyejua silabi ukimpeleka kwenye kamba ataangalia picha na kutunga. Si vibaya, lakini usikuhesabu huko kuwa kusoma.

Vifaa na utengenezaji

Kwa *trei ya mchanga*, chukua kifuniko cha katoni au sinia la plastiki la kama sentimita 30 kwa 40, lenye ukingo wa sentimita 3 au zaidi. Paka chini rangi nyeusi au bandika karatasi nyeusi. Mchanga wetu mweupe wa pwani juu ya weusi hutoa herufi inayoonekana hata na mtoto wa pembeni. Kina kisizidi nusu sentimita, yaani kama mililita 600 kwa trei ya ukubwa huo. Ukiweka mwingi, kuta za herufi zinabomoka na mtoto anaona shimo tu. Mchanga wa pwani uoshe kwa maji baridi mara tatu, uanike juani siku nzima, kisha uupitishe kwenye chekeche la jikoni. Usipouosha, chumvi inavuta unyevu, mchanga unashikana, na vidole vyenye mikwaruzo vinawasha. Unga usiutumie, maana utafuga chungu na mende kabla wiki haijaisha.

Pamoja na trei iwepo kadi ya herufi yenye nukta pa kuanzia na mshale wa njia. Mwendo ni huu: mtoto anatamka sauti, anapitisha vidole viwili juu ya kadi, anaandika mchangani akitamka tena, anatikisa trei ikiwa mezani bila kuinyanyua. Mara tatu mchangani, kisha papo hapo mara tatu kwa chaki au penseli. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Kidole na penseli havishikwi namna moja, na mtoto anayeishia mchangani anaweza kuchora *k* nzuri kwa kidole na kushindwa daftarini.

*Vizibo* vinataka hesabu. Kwa kundi la watoto wanne, wawili wawili, seti inayofanya kazi ni hii: a 12, i 8, u 6, e 5, o 5, k, m na n 5 kila moja, w, l na t 4 kila moja, s, b, h, y na z 3 kila moja, d, f, g, j, p, r na v 2 kila moja, ch, sh na ny 2 kila moja. Jumla ni vizibo 98. Dh, th, gh na ng' ziongezwe zinapofikiwa. Wengi hugawa herufi sawa kwa sawa, vizibo vinne vinne, halafu *a* zinamalizika neno la pili. Jozi mbili zisipewe neno moja: "dada" mbili zinataka *d* nne.

*Ch*, *sh*, *ny* na *ng'* ziandikwe kwenye kizibo kimoja kimoja kwa sababu ni sauti moja. *C* na *h* zikikaa mbali, mtoto atazitafutia sauti mbili ambazo hazipo. *Mb*, *nd* na *ng* ya "ngoma" ziunganishwe kwa vizibo viwili.

Kosa linaloharibu seti nyingi ni kwamba kizibo ni duara, hakina juu wala chini. *U* ikigeuka ni *n*, *m* inakaribia *w*, *p* ikigeuka ni *d*. Chora mstari mnene chini ya kila herufi, na wafundishe watoto kwamba mstari unalala upande wa tumbo lao. Irabu ziwe rangi moja ya kizibo, buluu kwa mfano, na konsonanti nyeupe. Mtoto akiona nyeupe mbili zimefuatana bila buluu anajiuliza mwenyewe kama kuna kitu kimekosekana. Mara nyengine hakijakosekana, kama kwenye "ndizi" au "mti", na hapo ndipo mazungumzo mazuri yanapoanzia.

Wino wa makapeni (kalamu nene za wino) juu ya plastiki hufutika kwa jasho la mikono. Andika kwenye karatasi, kata duara, bandika ndani ya shimo la kizibo na funika kwa seloteipu. Kizibo kikilala chali, herufi imekingwa na kuta zake.

*Sanduku la sauti* ndilo rahisi kuliko yote: boksi, mikeka midogo minne au vipande vya khanga kuukuu, kadi ya silabi kwa kila mkeka, na vitu 16 hadi 20. Wazazi wataleta, ila waambie silabi unayoitaka, la sivyo utapata vijiko kumi na vikombe kumi. Pipi zifae kwa *pi* au zisifae, usiziweke; hazifiki mapumziko.

*Vijitabu* vinakula muda kuliko fedha. Karatasi ya A4 inakunjwa mara tatu kupata sehemu nane, inakatwa katikati kwenye mkunjo, na inakuwa kijitabu cha kurasa nane bila pini. Andika sentensi moja ya maneno mawili hadi matano kwa ukurasa, herufi zenye kimo cha sentimita moja, kwa umbo lile lile la *a* watoto wanaloandika. Tumia silabi zilizokwisha kufundishwa tu. Kwa *ba, ka, ku, na, ta* pamoja na irabu *a* unapata "Baba ana kuku", "Kuku anakaa", "Kaka anakata kuku". Si hadithi ya kusisimua, lakini mtoto anaisoma yote mwenyewe, na hilo linamfurahisha kuliko mwandishi anavyodhani. Anza na vijitabu 20. Kamba iwe sentimita 90 kutoka sakafuni, kwani ikiwa juu zaidi watasoma walio warefu tu. Khanga nayo ni maandishi mazuri ya kutundika, ila jina la khanga karibu kila mara ni herufi kubwa tupu, hivyo lifae darasa la pili.

Kipindi, idadi ya watoto na chumba

Kipindi cha dakika 40 kikitoa dakika 12 za somo la wote na dakika 5 za kupanga na kukusanya vifaa, zinabaki kama 20 za kona, yaani zamu mbili za dakika 10. Kona yenye nafasi ya watoto 8 inahudumia 16 kwa kipindi na 64 kwa siku nne. Hesabu hii inaonesha kwamba darasa kubwa halihitaji kona nyingi. Linahitaji wengine wote wawe na kazi ya daftari ambayo hawatamuuliza mwalimu kila dakika.

Trei ya mchanga haipendi haraka. Kwa nafasi 8 unahitaji trei 8, kila moja na kama kilo moja ya mchanga, na mtu wa kuzibeba. Vizibo vinakaa kwenye ndoo ndogo. Sanduku ni sanduku. Kamba inabaki ukutani, jambo ambalo ni zuri ikiwa chumba ni chako asubuhi na mchana. Skuli yenye mikondo miwili, chumba kimoja kikiingiwa na darasa jengine mchana, kamba itabidi ishushwe kila siku au ikubaliwe kwamba vijitabu vitapungua. Ongea mapema na mwalimu wa mkondo wa pili. Mara nyingi naye anavitaka.

Kwa kelele, sanduku linaongoza, maana kazi yake ni kusema. Vizibo vinalia juu ya dawati tupu, tandika mkeka. Kamba ni kimya, na hiyo ndiyo hatari yake: mtoto anaweza kukaa kimya dakika kumi bila kusoma neno.

Kinachoharibika

Masika ndiyo mtihani. Mchanga unakuwa mzito hata ukiwa umeoshwa, hivyo uanike kila jua linapotoka na uuhifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko. Upepo wa kusi ukipita kwenye matofali ya matundu unaupeleka machoni mwa watoto, kwa hiyo trei zikae upande usio na upepo. Karatasi za vijitabu hulegea na kuota ukungu, na zilizobandikwa kwa uji wa unga huliwa na mende na panya. Tumia gundi ya dukani au usitumie gundi kabisa, na vihifadhi vijitabu kwenye dumu la plastiki lenye mdomo mpana.

Vizibo havidhuriwi na unyevu, lakini vinapotea kimya kimya, na seti iliyokosa *a* tatu inakera kuliko seti isiyokuwepo. Hesabu kwa kupanga: katoni la mayai lenye mashimo 30, likiwa na vizibo vitatu kila shimo na mabaki yake yakijulikana, linaonesha pengo kwa kutazama tu. Kwenye maandalizi kuwa macho na vizibo, kwani wadogo hutia kila kitu mdomoni. Vitu vya sanduku vinavunjika na kuliwa, ila kubadilisha kimoja ni kazi ya siku moja.

Kujua kama mtoto anajifunza

Mchanga haubakishi ushahidi: ukigeuka, kazi imefutika. Ndiyo maana zile mara tatu za penseli zinahitajika, zikusanye. Kwa vizibo, kila jozi iandike daftarini maneno matano iliyounda, nawe utaona makosa yanayojirudia. Kwa sanduku, simama dakika moja, nyanyua kitu kipya ambacho hawajakiona na uulize kinakwenda mkeka upi. Anayejua mkeka wa sahani kwa mazoea hatajua mkeka wa "saruji".

Vijitabu ndivyo vinavyodanganya zaidi. Watoto waliozoea kuhifadhi chuoni wana kumbukumbu kali, na kijitabu cha kurasa nane kinaingia kichwani kwa kusikia mara mbili. Atakisomea vizuri mno hata ukikishika kichwa chini. Mfunguze ukurasa wa sita kwanza, au funika picha, au onesha neno moja katikati ya sentensi. Akisita, arudi kwenye vizibo kwa siku chache.

Ipi kwa nani

Maandalizi, au darasa la kwanza Januari ambapo wengi hawasikii vipande vya neno: sanduku la sauti, na trei mbili tatu za mchanga pembeni kwa wanaoanza kushika herufi. Sanduku litachoka katikati ya mwaka. Likichoka, libadilishie kazi kwa kuweka kadi za silabi ili watoto waandike majina ya vitu.

Darasa la kwanza muhula wa pili, silabi zinajulikana lakini maneno hayatoki: vizibo. Kama fedha na muda vinatosha kitu kimoja tu na hujui darasa likoje, vizibo vinavumilia makosa ya kuchagua zaidi kuliko vyengine, kwa kuwa anayejua machache anaunda "mama" na anayejua mengi anaunda "ng'ombe" kwenye mkeka ule ule.

Watoto wengi wanageuza herufi au wanaanzia kulia: trei ya mchanga, wiki nne hadi sita, kila mara ikifuatwa na penseli, kisha iondolewe. Kuibakiza mwaka mzima ni kuibebesha kazi isiyo yake.

Darasa la pili, au darasa lolote ambalo theluthi ya watoto wanasoma na wanasubiri: kamba. Waliotangulia waandike vijitabu vya wenzao, ukiwapa orodha ya silabi zinazoruhusiwa. Wanalipenda sharti hilo, na vijitabu 20 vinakuwa 50 bila mwalimu kukesha.

Darasa lililochanganyika kabisa, watoto 60 na mwalimu mmoja: vizibo na kamba, zamu kwa zamu, kwa sababu zote mbili zinaendeshwa na watoto wakishazizoea. Sanduku na mchanga vinahitaji mtu mzima karibu. Ukimpata mzazi au mwalimu wa mazoezi siku mbili kwa wiki, hizo ziwe siku za sanduku, na kabla hujanunua karatasi ngumu za manila ulizia Kituo cha Walimu kilicho karibu nawe kama kuna kadi za silabi za kuazima.